Nipe, Niibe

Waliniomba ufunguo wa ukumbi siku ya Alhamisi,
kengele ya saa saba na nusu ikiwa bado inalia,
wasichana sita wa darasa la kumi na moja, skuli ya Al-Khoudh,
na simu moja iliyofungwa kwa mpira kwenye toroli ya kantini.
"Ammi Kombo, saa moja tu."
Saa moja ya mtoto! Naujua urefu wake.

Mimi ni fundi wa taa, wa mabomba, wa chochote kilichovunjika.
Miaka kumi na tisa naliwashia jukwaa hili
hotuba, mahafali, zawadi za waliohifadhi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza: mwanga huu una rangi gani?
Raya aliuliza. Raya ndiye mwongozaji,
kofia ya kaka yake juu ya mtandio,
kidole hewani kama apimaye upepo ndani ya nyumba.
Nikamjibu: rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Akasema, basi hiyohiyo.

Mashine ya moshi hawana. Wana riyali nne na biskuti.
Zamzam akatoa mkobani chetezo cha mamake,
makaa, na ubani wa Dhofari ndani ya karatasi ya hesabu,
na kiyoyozi ikabidi kizimwe,
kilikuwa kinaula moshi kabla kamera haijauona.
Mwezi wa Mei huo. Nje nyuzi arobaini na nne.
Ndani tukaiva kama mikate.

Sasa wimbo.
Sauti ni ya Ghaniya, kairekodi kabatini, katikati ya nguo za Idi.
Maneno ni ya bibi yake, mzaliwa wa Wete kama mimi,
aliyekuwa akiyaimba huku akikuna nazi za kununua sokoni Sib:

     Nipe mkono nivuke, maji siyajui kina.

Lakini Ghaniya hataki kuonekana.
Hakukatazwa na mtu. Alisema tu,
"Sauti chukueni. Sura yangu niachieni."
Kwa hiyo midomo ni ya Shamsa,
Shamsa wa Rustaq, mrefu, wanja hadi kwenye kipaji,
Kiswahili hajui hata cha kuombea maji.
Mstari ule kaandikiwa kiganjani kwa herufi za Kiarabu,
na herufi zile *pe* hazina.

"Niibe mkono nivuke!" akaimba, akaishinda spika.
Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika.
Nyuma ya pazia Ghaniya naye akaangua,
sisi wawili tu, katika ukumbi wa viti mia tatu,
tuliojua kwamba sauti inaomba ipewe
na midomo inaomba iibwe.

Raya akakata. "Nini?"
Nikamweleza. Akarudisha picha, akaitazama mara tatu,
pua inagusa kioo.
"Haionekani," akasema. "Midomo inafunga vilevile."

Vilevile.
Nikabaki juu ya ngazi na bisibisi yangu.
Siku ile ya kupanda ndege nilisema neno gani?
Mama aliona midomo tu, kioo cha uwanja kilikuwa kati yetu.

Hapo king'ora cha moto kikapiga kelele darini.
Zamzam akaruka, chetezo kikapinduka, kaa likakimbia,
toroli ikateremka peke yake na simu yake inarekodi,
na Ghaniya akatoka nyuma ya pazia, akapita mbele ya taa yangu
kulikanyaga kaa kwa kiatu.
Kivuli chake kikapanda ukuta mzima, mpaka kwenye feni.

Mudira Khalsa alikuja na ndoo. Hilo tuliache.

Kwenye video kivuli kipo, karibu na mwisho, sekunde tatu.
Raya alitaka kukifuta, Ghaniya akasema kiache,
hakina pua wala macho.
Na doa la kaa lipo mbaoni, upana wa dole gumba.
Nimeagizwa nilipake rangi.
Bado sijapata brashi.